Kulabu za mkono bandia: karakanani zinapita, zikitoka nyumbani zinarudi na raba zimepunguzwa. Tupime nini?

FundiViungo_Mza

Wakuu, habari za kazi.

Tunatengeneza sampuli za kulabu za mkono bandia kwa watu waliokatwa chini ya kiwiko. Soketi (kikombe kinachovikwa kwenye kisiki) ni za polipropilini, mikanda ni ile ya namba nane mgongoni, na kulabu ni ya aina inayojifunga yenyewe kwa raba na kufunguka mtu anapovuta waya kwa bega. Wanaotumia ni wakulima, mama lishe na mafundi cherehani, kwa hiyo kazi yake ni jembe, sufuria, kitambaa na ndoo ya maji.

Sampuli ya sasa iko hivi. Vidole viwili vimekatwa kwenye bamba la aluminiamu la mm 8. Kutoka kwenye pini hadi ncha ni mm 100. Gumba, yaani kile kijiti ambacho waya unakivuta, lina mm 40 kutoka kwenye pini. Ikifunguka yote, ncha zinaachana mm 90. Raba ni nne, na ncha zinabana kwa nguvu ya kilo 1.5 hivi. Waya ni wa breki ya baiskeli pamoja na kava yake, umefungwa kwenye gumba kwa bolti ndogo na washa. Shina la kuingia kwenye soketi ni aluminiamu pia, limekatwa hesi (meno ya skrubu) ya M12.

Mezani kila kitu kiko sawa. Ikikaa kwa mtumiaji wiki chache inarudi na mambo manne: raba zimetolewa zimebaki mbili, waya umechanika nyuzi karibu na bolti ya gumba, mpira tuliobandika ndani ya vidole umebanduka (hasa kwa wanaopika), na ndoo inateleza kwenye kidole ikijaa. Shina moja limeonyesha ufa kwenye hesi.

Swali: kabla ya kubadili umbo la kulabu, ni vipimo gani tuvifanye karakanani vitakavyotuambia ukweli, na majaribio na watumiaji yapangweje? Vifaa tulivyonavyo ni jiriwa, drili ya kusimama, tupa, kalipa na mizani ya kidijitali ya kupimia mizigo.

---

Waya_na_Mikanda

Mkuu, raba zilizotolewa ni jibu tayari. Mtumiaji anakwambia kuvuta ni kugumu, akapunguza nguvu ya kubana ili aweze kufungua. Usiguse vidole kwanza. Pima waya.

Funga mkono mzima kwenye jiriwa ukiwa umeukunja kwenye kiwiko kama mtu anavyouvaa, nyuzi 90. Weka kipande cha mbao cha unene wa mm 12 kati ya ncha za vidole. Funga mizani moja kwa moja kwenye gumba, vuta kwa mwelekeo uleule wa waya, polepole, mpaka mbao ianze kulegea. Andika kilo. Sasa rudisha waya, funga mizani upande wa mkanda, vuta tena mpaka mbao ilegee. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili. Hiyo ndiyo sehemu ya nguvu inayofika. Kwa mkono wa chini ya kiwiko inatakiwa ifike asilimia 80, na kwa wa juu ya kiwiko 70. Rudia mara tano uchukue ya katikati, maana mizani ya mizigo hurukaruka.

Nguvu inapotelea kwenye kona za kava, na inapotea kwa kuzidishana. Jumlisha nyuzi za kona zote tangu begani hadi kwenye kulabu. Ukiwa na kava tupu ya chuma ambayo msuguano wake ni 0.15, kona za jumla ya nyuzi 90 zinakuachia asilimia 79. Zikifika 180 unabaki na 62. Kava yenye bomba la plastiki laini ndani, tuseme msuguano 0.08, inakupa 88 na 78 kwa kona zilezile. Kwa hiyo mambo mawili ya kwanza ni kava yenye bomba ndani, na njia iliyonyooka. Kona moja pana ni sawa na kona nyingi ndogo zenye jumla ileile ya nyuzi, ila ukiibana sana waya unakakamaa na kuchubuka, basi ipe nafasi.

Kava ya breki, ile iliyosokotwa kama springi, ina tatizo jingine: ukivuta kwa nguvu inajibana na kufupika, na mwendo wa bega unaishia humo. Kava ya gia za baiskeli ina nyuzi zilizonyooka na haifupiki. Kwenye breki hairuhusiwi kwa sababu inaweza kupasuka, lakini nguvu za kulabu ya raba ni ndogo kuliko za breki. Shida yake ni ugumu wa kukunjika, kwa hiyo pale kwenye kiwiko usiipitishe kwenye kona kali.

Usipake oili kwenye kava yenye bomba la plastiki. Oili inashika vumbi, na vumbi na oili pamoja vinakuwa msasa. Futa waya kwa kitambaa kikavu, ukichakaa badilisha.

Angalia na mikanda. Mtu wa kawaida akisogeza mkono mbele na kupanua mabega anapata kama sentimita 5 za mwendo wa waya. Ukiwa na mkanda wa pamba unaonyooka sentimita moja, umepoteza sehemu ya tano kabla kulabu haijatikisika. Tumia utepe wa nailoni au polyesta wa mm 25. Makutano ya mikanda mgongoni yawe chini kidogo ya lile fupa la shingo linalojitokeza, yaegemee upande wa mkono mzima. Yakipanda juu yanakata shingo, yakielekea upande wa mkono uliokatwa unapoteza mwendo.

Sasa hesabu ya gumba lako. Kubana kilo 1.5 kwenye ncha iliyo mm 100, kwa gumba la mm 40, kunahitaji kilo 3.75 kwenye waya. Kama njia inapitisha asilimia 55 tu, bega linavuta kilo 6.8. Na hiyo ni mwanzo tu wa kufungua, maana raba ikivutika inazidi kukaza. Ongeza gumba liwe mm 50 na waya unahitaji kilo 3. Njia ikipitisha 80, bega linavuta 3.75. Nguvu ya kubana haijapungua hata chembe, na bega limepumzika karibu nusu.

Utasema gumba refu linadai mwendo mrefu. Ni kweli: kwa kufunguka mm 90, gumba la 40 linavuta waya mm 37 na la 50 linavuta 47, mtu anakosa. Lakini punguza kufunguka hadi mm 75, na gumba la 50 litahitaji mm 38 tu. Chupa ya maji ya nusu lita inaingia, mpini wa jembe unaingia, ukingo wa sufuria unaingia. Hizo mm 15 za mwisho zinatumika kwa nadra na zinalipiwa na bega kutwa nzima.

---

ChumaNaTupa

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu waya. Umbo la kulabu ya vidole viwili limekaa karibu lilelile tangu D. W. Dorrance alipopewa hataza yake Marekani mwaka 1912, na limekaa kwa sababu linafanya kazi. Ninyi mna matatizo ya chuma, na yanatibika.

Anza na shina, maana hilo ndilo litakalomwangusha mtu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, tuseme Newtoni 200. Mkono ukining'inia wima, shina linavutwa tu na halina shida. Lakini mtu akiinua ndoo kuiweka juu ya meza au kwenye baiskeli, anakunja kiwiko, na sasa uzito unakaa mm 130 mbele ya soketi. Hapo hesi inakunjwa kwa Newtoni-milimita 26,000. Kiini cha hesi ya M12×1.5 kina kipenyo cha mm 10.2 hivi, mkazo unafika megapaskali 250. Chuma laini cha nondo kiko ukingoni kabisa hapo. Aluminiamu ya dirisha haifiki hata karibu, na hata iliyo imara, 6061-T6, inaanza kupinda kwenye 275. Na hesi ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia. Tumia bolti ya daraja 8.8, ambayo haipindi mpaka 640, kata kichwa, ingiza kwenye kitako cha kulabu na ukifunge kwa pini inayopita katikati. Usichomelee karibu na hesi, maana joto linaharibu ugumu wa bolti.

Hakikisha pia hesi ni ipi. Bolti ya M12 ya duka la vifaa ina hatua (umbali wa jino hadi jino) ya mm 1.75. Viungo vingi vya Ulaya ni M12×1.5. Vya Marekani ni nusu inchi yenye meno 20 kwa inchi, yaani kipenyo 12.7 na hatua 1.27. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine itaingia mizunguko michache ikicheza, halafu inakwama na kula meno ya soketi. Andika aina ya hesi kwenye kila kulabu kwa muhuri wa kugonga.

Vidole: kama bamba ni aluminiamu iliyoyeyushwa ya masufuria, acha. Ina matundu ya hewa ndani usiyoyaona, na mtu akiangusha ndoo ikamning'inia ghafla nguvu inakuwa mara mbili tatu ya uzito. Kata kimoja ukitazame mahali palipokatwa: ukiona vitundu kama vya mkate, usimpe mtu. Aluminiamu haina kiwango ambacho chini yake haichoki. Ikikunjwakunjwa vya kutosha itapasuka tu, hata kwa mzigo mdogo. Kwa hiyo kona za ndani zote ziwe na mviringo wa angalau mm 3, na alama za tupa uziondoe kwa msasa namba 120 kisha 240, ukisugua kwa urefu wa kidole. Mkwaruzo uliokatiza kidole ndipo ufa unapoanzia.

Ndoo kuteleza: mpini wa waya wa ndoo una unene wa mm 4 hadi 5 na unatafuta mahali pa chini kabisa. Chonga kitako cha mviringo kwenye kidole kisichotembea, nusu duara la mm 12, mahali ambapo mstari wa uzito unapita karibu na katikati ya shina. Uzito ubebwe na kidole kisichotembea peke yake. Ukiuacha ukae kwenye kidole kinachotembea, raba ndizo zinazobeba ndoo, na raba nne haziwezi.

Pini: M6, yenye bushi ya shaba, washa za nailoni pande zote mbili, na nati yenye pete ya plastiki ndani. Kaza mpaka mchezo uishe, kisha legeza robo ya mzunguko. Kulabu ikishikwa juu na raba kutolewa, kidole kianguke chenyewe. Kisipoanguka, pini inakula nguvu.

Na ncha. Shika karatasi kati ya ncha, tazama kwa mwanga wa dirisha. Ncha zinatakiwa ziguse kwanza, na kuelekea kwenye pini kubaki mwanya wa nusu milimita unaojifunga ukibana. Zikigusa katikati kwanza, sindano, sarafu na noti vitaanguka vyote, hata uongeze raba kumi. Kwa fundi cherehani, vidole viinamishwe upande mmoja ili aone ncha wakati anaposhika. Hiyo ina maana kulabu ya kulia na ya kushoto ni vitu viwili tofauti, msitengeneze moja kwa wote.

---

FundiViungo_Mza

Asanteni sana wakuu. Tumepima: kwenye gumba 3.8, kwenye mkanda 6.9. Asilimia 55 kamili. Kona za kava ukizijumlisha zinapita nyuzi 200, kwa sababu kava ilizungushwa nyuma ya kiwiko ili isikwaruze nguo.

Naomba bado msaada kwenye waya kukatika, mpira kubanduka, jaribio la uimara, na hasa upande wa watumiaji. Na kuna mkulima anauliza kuhusu kulabu inayofunga kwa kuvuta badala ya kufungua kwa kuvuta. Inafaa?

---

Waya_na_Mikanda

Waya hukatika pale kwa sababu ya bolti na washa. Gumba linazunguka zaidi ya nyuzi 50 kila kufungua, lakini waya umebanwa hauwezi kuzunguka nao, basi unakunjwa mahali pamoja kila mara. Acha kuubana. Tumia ncha ya waya iliyokuja na kichwa chake cha pipa kutoka kiwandani. Toboa gumba tundu la kukaa kichwa hicho, kubwa kuliko kichwa kwa mm 0.3, na kata mlango mwembamba wa kupitisha waya. Kichwa kinazunguka ndani ya tundu, waya unabaki umenyooka. Upande wa mkanda ndiko ufunge kwa bolti, kwa sababu huko hakuna kuzunguka, na huko pia ndiko pa kurekebishia urefu.

Halafu weka mwisho wa kava mahali ambapo waya unakutana na gumba kwa nyuzi 90 kulabu ikiwa imefunguka nusu. Mdomo wa kava uliokatwa una ukali: upige tupa, ingiza msumari uliochongwa kupanua bomba la ndani, vika kofia ya chuma. Waya wa klachi ya pikipiki usiutumie, ni mnene na mgumu, kwenye kiwiko unapigana na mtu.

Njia ya kava: sehemu mbili tu za kuishikilia, moja kwenye ngozi ya nyuma ya mkono wa juu na moja kwenye soketi upande wa nje. Kati yake iache ijipinde yenyewe. Jaribu sehemu tatu mtu akiwa ameivaa: kiwiko nyuzi 90, kulabu mdomoni, kulabu kwenye zipu ya suruali. Nyuzi 90 ifunguke yote. Mdomoni na kwenye zipu isishuke chini ya asilimia 70 ya kufunguka kwake. Ikigoma mdomoni ujue kava ni ndefu, kiwiko kikikunjwa inajibinua.

Mpira wa ndani ya vidole: raba nyingi za kawaida huvimba zikipata mafuta ya kupikia au dizeli, na gundi inaachia. Tafuta mpira wa naitraili, ule wa gasketi za mafuta, mm 2. Kwaruza aluminiamu kwa msasa namba 80, safisha kwa spiriti, usiguse tena kwa kidole. Gundi ya viatu, tabaka mbili pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, bandika, bana kwenye jiriwa siku nzima. Ncha za mwisho, mm 4 hivi, ziache chuma kitupu kwa ajili ya vitu vidogo.

Na raba zenyewe: kama za kitabibu hazipatikani, nenda duka la pembejeo za mifugo ukanunue raba za kuhasia, pamoja na koleo lake la kuzipanua. Kuna watumiaji wa kulabu nchi za nje wanaozitumia hivyohivyo. Pima kila pakiti kwa mizani, maana zinatofautiana, na zisikae juani.

---

TibaKazi_Moro

Naongelea upande wa mtumiaji tu, maana hapo ndipo sampuli nzuri huharibikiwa.

Msianze na kulabu mpya. Mpimeni mtu kwanza na ile anayoitumia sasa, kazi zilezile, siku hiyohiyo kama inawezekana. Bila hapo pa kuanzia, namba za kulabu mpya hazina wa kulinganishwa naye. Na kwa nusu ya watu anzeni na mpya, kwa nusu nyingine na ya zamani, kwa sababu mtu huwa mwepesi zaidi raundi ya pili hata kama kifaa ni kilekile.

Jaribio la haraka lisilohitaji pesa ni la vipande vya mbao: vipande vya sentimita 2.5 kila upande, sanduku lenye vyumba viwili na ukuta wa sentimita 15 katikati, unahesabu vingapi vinavuka ukuta ndani ya sekunde 60. Seremala yeyote atawachongea. Linapima kasi ya kushika na kuachia, basi. Halisemi chochote kuhusu nguvu wala uchovu, kwa hiyo msiishie hapo.

Kazi za nyumbani zichaguliwe na mtu mwenyewe. Kwa mama lishe ningetazama: kushika kitunguu huku mkono mwingine unakata, kuishika sufuria wakati wa kusonga ugali (ndiyo kazi inayochosha mikanda kuliko zote, maana sufuria inazungushwa kwa nguvu), kukamua nguo, kuhesabu noti, kufunga kanga kiunoni. Kwa mkulima: mpini wa jembe, kamba ya mbuzi, kufungua kizibo cha dumu. Pimeni muda, lakini andikeni zaidi namna anavyofanya. Akiinamisha mwili mzima ili kufungua kulabu, au akiipeleka kulabu kwenye mkono mzima aifungue kwa vidole, mmekwishapata jibu hata kama alimaliza kwa wakati.

Jambo la jikoni ambalo mafundi hulisahau: kulabu haisikii moto. Mtu ataishika sufuria iliyoko jikoni bila kujua, halafu ataigusa kwa paja lake au atambeba mtoto. Aambiwe siku ya kwanza, na mpira wa vidole upimwe karibu na jiko la mkaa kabla haujaenda nyumbani.

Ngozi: avae dakika 20, avue, mtazame kisiki na kwapa la upande mzima. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 10 ni wa kawaida. Usiopotea, au malengelenge, rudisheni mikanda mezani. Kwapa la upande mzima ndilo linalobeba nguvu yote ya kuvuta, na ndilo sababu moja kubwa ya watu kutundika mkono ukutani. Kitanzi cha kwapani kivikwe bomba laini au kitambaa cha pamba kinachofulika.

Mpeni akae nayo nyumbani wiki mbili angalau, wiki ya kwanza ni ya kuzoea na isihesabiwe. Ikirudi, msimuulize kama ameipenda. Kwa heshima tu atasema ameipenda, hasa kama ameipata bure. Tazameni kulabu: raba zimebaki ngapi, mpira umechakaa upande gani, waya umeng'aa wapi, mikanda imefungwa fundo mahali ambapo hamkuweka fundo. Halafu muulizeni aoneshe kazi ya mwisho aliyoifanya nayo kabla ya kuja. Kama hakuna, ulizeni iko wapi siku nzima.

---

ChumaNaTupa

Kwenye uimara, tafuta mota ya waipa ya gari. Volti 12, kwa mwendo wa polepole inazunguka kama mara 45 kwa dakika. Funga mkono wa chuma wenye nusu kipenyo cha mm 19 kwenye shafti yake, utapata mvuto wa mm 38, ambao ndio kufungua kamili kwa gumba jipya la 50. Kulabu iwe kwenye jiriwa, waya upite kwenye kava na kona zilezile za mtumiaji. Ukipima kulabu bila kava yake umepima kitu kingine.

Kuhesabu: chukua kikokotoo cha bei rahisi, chomeleza waya mbili kwenye kitufe cha sawasawa, zipeleke kwenye swichi ya sumaku, na ubandike sumaku kwenye mkono wa mota. Bonyeza 1, jumlisha, kisha kila mzunguko kinaongeza moja chenyewe. Si kila kikokotoo kinarudia hivyo, jaribu dukani.

Mota inakupa mizunguko 2,700 kwa saa. Tukikadiria mtu anafungua mara 1,000 kwa siku, mizunguko 100,000 ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi, na inaisha kwa saa 37. Usiiendeshe mfululizo, mota hizi hazikuundwa kwa hilo. Saa mbili, ipoe, endelea. Simama kwenye 5,000, 20,000, 50,000 na 100,000: pima tena ile asilimia ya waya, pima mchezo wa pini, hesabu nyuzi za waya zilizokatika. Ikifika 50,000 mwagia pini vumbi laini la barabarani lililochanganywa na unga, kwa sababu huko ndiko inakokwenda. Nyuzi mbili tatu za waya zikikatika kabla ya 20,000, kona au kichwa cha waya bado hakijakaa sawa.

Mzigo: tundika kilo 40 kwenye kile kitako cha ndoo mkono ukiwa wima, dakika tano, kisha kilo 20 mkono ukiwa umelala. Pima nafasi ya ncha kabla na baada. Ikibaki imepinda hata robo milimita, umbo au chuma libadilike.

Sampuli za plastiki za printa ya 3D ni nzuri kwa kuchagua umbo la vidole, na zinaokoa aluminiamu nyingi. Ziishie karakanani. Ile plastiki ya PLA inalainika karibu na nyuzi joto 60, na ndani ya gari lililofungwa juani kidole kinaweza kujikunja bila kuguswa.

Kuhusu kulabu ya kufunga kwa kuvuta, kama Grip ya TRS, kampuni iliyoanzishwa Colorado, Marekani, na Bob Radocy ambaye mwenyewe alipoteza mkono: inafaa kwa mkulima kwa sababu nguvu ya kubana ni ile anayoitaka yeye, na anaisikia begani anapobana. Lakini anaposhika lazima aendelee kuvuta, na waya ukikatika kitu kinaanguka, wakati kulabu ya raba waya ukikatika inabaki imebana. Nguvu kwenye waya ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo asilimia 55 yako ingemchosha kabla ya jua kupanda, na mikanda na mishono yake yote ipimwe upya kwa kilo 40. Maliza kwanza njia ya waya. Na kwa anayeendesha pikipiki, ya aina yoyote ile, isiwekewe kufuli. Akianguka, mkono lazima uachie usukani wenyewe.

---

FundiViungo_Mza

Tumeelewa wakuu. Tunaanza na kava, kichwa cha pipa na gumba la 50, kufunguka 75, shina la 8.8. Swali dogo la mwisho: baadhi ya kulabu hizi zitakwenda kwa wavuvi wa upande wa bahari. Shina la chuma ndani ya kitako cha aluminiamu, na maji ya chumvi?

---

ChumaNaTupa

Italiwa, na itakayoliwa ni aluminiamu. Chumvi ikikaa katikati ya vyuma viwili tofauti, kile dhaifu kinageuka unga mweupe, na utauona kwanza kuzunguka shina na chini ya washa. Tenganisha: kabla ya kuliingiza shina, lipake grisi ya zinki, au rangi ya msingi ya epoksi uiache ikauke. Washa za nailoni, siyo za shaba, na bushi ya nailoni badala ya shaba. Kwa mvuvi ningekata vidole kwenye bamba la stenlesi 316 la mm 5, uzito utaongezeka lakini hataivua kila asubuhi kutafuta ufa. Waya uwe wa stenlesi, siyo uliopakwa zinki. Mwelekeze aisuuze kwa maji baridi ya bomba kila jioni, kulabu ikiwa imefunguliwa kwa kipande cha mbao ili maji yafike kwenye pini, na airudishe baada ya mwezi mmoja ulitoe shina na kulitazama.